Bonasi Imeingia na Unataka SUV ya Kifahari? Piga Hesabu ya Mwaka Mbaya Kwanza

Kila Oktoba stori huwa ni ile ile. KTDA ikishaachilia bonasi, yadi za magari zinang'arishwa, madalali wanaanza kupiga simu, na kila msee aliye na shamba la maana anaulizwa na marafiki, "Sasa buda, unapanda lini?" Hapo ndipo majina yanaanza kutajwa: Harrier, Prado, Lexus RX, Mercedes GLE, BMW X3 na X5, Audi Q5, Volvo XC60.

Hakuna ubaya. Umetoa jasho, furahia. Lakini SUV ya kifahari ina bei mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye kioo cha gari pale yadi. Ya pili inakuja polepole: bima, tairi, spea, fundi, mkopo. Wengi hupiga hesabu ya bei ya kwanza wakitumia bonasi nzuri, halafu wanaanza kulipa ya pili wakati bonasi imeshuka. Swali la kujiuliza ni hili: mwaka ule wa kusota, hii ndai itakula nini?

Bonasi haiko sare kila mwaka

Mkulima wa KTDA hulipwa kidogo kwa kila kilo mwisho wa mwezi, halafu bonasi inakuja kulingana na vile kiwanda chake kimeuza. Ndiyo maana wa Momul, Litein, Kapkatet, Tirgaga na Mogogosiek wanaweza kupata viwango tofauti mwaka mmoja. Pia viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa vimekuwa vikilipa chini ya vile vya Mlima Kenya, na Oktoba 2025 bonasi iliposhuka kelele zilisikika kila mahali.

Tuchukue mfano. Tuseme unapeleka kilo 40,000 kwa mwaka. Bonasi ikiwa Sh25 kwa kilo, una Sh1,000,000. Unaona mambo ni fiti, unaongeza akiba, unachukua mkopo wa Sh2,000,000 wa miaka 3 na unanunua gari ya Sh4,000,000. Kwa riba ya asilimia 14, utalipa kama Sh68,000 kila mwezi, yaani karibu Sh820,000 kwa mwaka. Bima kamili ukikisia asilimia 4 ya bei ni Sh160,000. Jumla Sh980,000, na bado hujaweka mafuta wala kubadilisha oili.

Mwaka unaofuata bonasi inaanguka hadi Sh12. Una Sh480,000. Pengo ni nusu milioni. Pesa ya kila mwezi nayo ishapangwa: wachumaji, mbolea, karo, chakula. Hapo ndipo gari inaanza kulala kwa boma bila bima, au ng'ombe wanauzwa kulipia dinga.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua rangi, chukua bonasi mbaya zaidi uliyowahi kupata kwa miaka 5 iliyopita. Kama hiyo bonasi, pamoja na mapato yako mengine ya uhakika, haiwezi kulipa mkopo, bima na sevisi ya mwaka mzima, shuka ngazi moja. Chukua gari ya bei ya chini, au subiri msimu mwingine uongeze akiba.

Mpya, ya Japani, ya Uingereza au iliyotumika hapa?

*Mpya kabisa.* Raha yake ni waranti na amani ya roho. Hakuna mtu ameichezea. Shida ni doh: SUV mpya za daraja hili kufika zaidi ya milioni 10 si ajabu, na thamani inaanza kuanguka siku unayotoka nayo dukani. Tena waranti inataka sevisi kwa warsha iliyoidhinishwa. Kwa Mercedes na BMW hiyo kwa kawaida ni safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka Kericho. Inafaa mtu ambaye ana biashara inayolipa kila mwezi na huenda Nairobi mara kwa mara.

*Mtumba wa Japani.* Hizi ndizo nyingi zaidi barabarani. Kenya hairuhusu gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo 2026 unaagiza ya 2019 kuja juu. Itisha karatasi ya mnada ya kule Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. Ukiona herufi R, jua gari ilishawahi kurekebishwa baada ya kugongwa. Linganisha mileji ya karatasi hiyo na ile ya dashibodi, maana kuna watu kazi yao ni kurudisha namba nyuma.

*Mtumba wa Uingereza.* Hapa ndipo utapata X5, GLE, Q5 na XC60 nyingi zenye vifaa kamili. Usukani uko upande wetu, sawa. Lakini kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Pandisha gari juu, angalia chini: mabomba ya breki, fremu, na mikono ya tairi. Kama ni kutu tupu, ondoka.

*Iliyotumika hapa Kenya.* Bei inashuka na unaweza kuiendesha kabla ya kulipa. Ila namba isikudanganye. Herufi za namba zinakuambia gari ilisajiliwa Kenya lini, sio ilitengenezwa lini. KDA inaweza kuwa gari ya 2013.

Kodi inategemea injini

Ukiagiza mwenyewe, KRA inakadiria thamani ya forodha ikianzia bei ya gari hiyo ikiwa mpya, halafu inapunguza kulingana na umri. Ndiyo maana watu hukimbilia gari za miaka 7: uzee unapunguza kodi.

Kwa viwango vilivyokuwa vinatumika 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 kwa injini nyingi za zaidi ya sisi 1,500, lakini unaruka hadi 35 kwa petroli inayozidi sisi 3,000 na dizeli inayozidi sisi 2,500. Kisha VAT asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji 2.5, na tozo ya reli 2.

Gari ya thamani ya forodha ya Sh2,000,000 kwenye kundi la asilimia 25 italipa jumla ya Sh2,005,000. Kodi ni kama kununua gari ya pili! Thamani ile ile kwenye kundi la 35 inalipa Sh2,318,200. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya laki 3 kwa sababu ya injini tu.

Sasa angalia: Prado ya dizeli ya lita 2.8 ina sisi 2,754, iko kundi la juu. GLE 350d na X5 30d zinakaribia sisi 3,000, nazo ni huko huko. Lexus RX 350 ya petroli ina sisi 3,456, pia huko. Lakini X3 20d, Harrier ya lita 2, na Prado ya petroli ya lita 2.7 ziko kundi la chini. Viwango hubadilika na sheria ya fedha, kwa hivyo hakikisha na KRA kabla ya kutuma pesa.

Gari ya Nairobi na gari ya Konoin si kitu kimoja

Barabara ya lami kutoka Kericho hadi Litein haina noma. Shida ni ile kilomita ya mwisho: marami nyekundu, mvua ya alasiri, na mteremko wa kwenda kwa kituo cha majani. Angalia haya mambo matano.

1. *Magurudumu yanayovuta.* Harrier nyingi zinavuta kwa tairi za mbele peke yake. Kwa macho zote ni moja, kwa matope utajua tofauti. Kama ocha kwako ni matope, tafuta yenye 4WD, na usiamini mdomo wa dalali. Angalia karatasi ya mnada, kisha chini ya gari uone kama kuna shafti inayoenda nyuma.

2. *Injini na mwinuko.* Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo Harrier ya lita 2 isiyo na turbo ikibeba watu 5 na mizigo itapanda mlima ikilia. Yenye turbo haisikii sana, lakini inataka oili safi na kwa wakati. Haibridi inasaidiwa na mota ya umeme, ila pima betri kwanza.

3. *Dizeli na safari fupi.* Dizeli za kisasa zina kichujio cha moshi, kile mafundi wanaita DPF. Kinajisafisha gari ikienda mwendo mzuri kwa muda. Ukizunguka tu kutoka boma hadi sentaa kilomita 3 asubuhi ya baridi, kinaziba, taa inawaka na nguvu inaisha. Kama wewe huenda Nakuru au Nairobi kila wiki, dizeli ni poa. Kama maisha yako ni Silibwet na Bomet tao tu, petroli au haibridi itakusumbua kidogo. Dizeli nyingi za Ulaya zinataka pia AdBlue, uliza kama utaipata karibu.

4. *Tairi na springi.* Rimu kubwa za inchi 20 au 21 zinabamba kwa picha, lakini tairi nyembamba na mawe ya marami haviskizani. Inchi 18 inatosha. BMW nyingi hazina tairi ya spea kwa sababu zinatumia tairi za kukimbia bila upepo. Jiulize utafanya nini ikipasuka Mogogosiek saa 3 usiku. Na springi za hewa, kama za Range Rover na baadhi ya GLE, zinabembeleza sana mpaka siku zinavuja, halafu gari inalala chini kama ng'ombe mgonjwa.

5. *Mvua ya mawe.* Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Paa kubwa la kioo linapendeza kwa watoto, lakini lina gharama likivunjika. Soma bima yako uone kama mvua ya mawe imeandikwa ndani. Kama haipo, omba iongezwe kabla ya kulipa.

Uliza fundi kabla ya dalali

Jaribio rahisi: nenda kwa mafundi watatu Kericho tao au Bomet, uwatajie gari unayoitaka. Waulize wamefungua ngapi kama hiyo mwaka huu, kama wana mashine ya kusoma kompyuta yake, na spea zinatoka wapi. Wakisema Harrier na Prado wanazijua kama kiganja lakini hiyo Volvo hawajawahi kuigusa, umepata jibu. Hilo halimaanishi Volvo ni gari mbaya. Linamaanisha kila shida ndogo itakuwa safari ya lori ya kubeba gari.

Ukipata ya kununua, fika asubuhi na mapema injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe. Sikiliza inavyoamka, angalia moshi. Inua kapeti utafute unyevu. Badilisha gia ukiwa mlimani. Mpeleke fundi wako, sio wa yadi.

Halafu karatasi. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen, uone mwenyewe ni nani. Kagua pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, maana logbuku inaweza kuwa imewekwa kwa mkopo na wewe hujui. Jina la anayepokea pesa lifanane na la mwenye gari au kampuni ya yadi. Usitume deposit kwa namba ya M-Pesa ya mtu ambaye umemwona Facebook tu.

Sasa uchague nini?

Kama pesa yako kubwa ni bonasi na unaishi ndani ndani, Harrier ya 4WD au Prado ya petroli ndiyo salama, na siku ya kuuza hutakaa nayo. Kama una mapato ya kila mwezi na husafiri sana, X3, Q5 au GLE ya dizeli yenye rekodi kamili ya sevisi itakufaa, mradi uweke kando angalau laki 3 za matengenezo kabla hujachukua funguo. Mpya muachie mtu ambaye bonasi kwake ni ya ziada tu.

Na dalali akikuambia kuna mwingine anakuja na pesa saa nane, mwambie ampe huyo mwingine. Gari ziko nyingi. Shamba ni moja.