Mtambue Temwa Chawinga, moto wa kuotea mbali Kansas City

Wewe ambaye kila wikendi hubishana kwa baze ukiitetea Arsenal utadhani una hisa huko, hebu nikuulize: unamjua Temwa Chawinga?

Huyu dada wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, ni straika wa Kansas City Current kule Marekani. Mnamo 2024, msimu wake wa kwanza huko, alicheka na nyavu mara 20 katika mechi 25, akafuta rekodi ya Sam Kerr wa Australia aliyefunga 18 mnamo 2019. Alifunga dhidi ya kila timu pinzani kwenye ligi. Kila moja, manze! Akabeba kiatu cha dhahabu na tuzo ya mchezaji bora, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ukidhani alibahatisha, 2025 alizibeba zote mbili tena.

Lakini kilichonibamba mimi si tuzo. Ni njia aliyopitia.

Unajua wasichana wakipiga boli mtaani huambiwa nini. Kwa kina Chawinga yalikuwa makubwa zaidi. Tabitha, dada yake mkubwa ambaye pia ni straika matata, amesimulia jinsi alivyolazimishwa kuvua nguo uwanjani ili ithibitishwe kwamba ni msichana. Kisa na maana, alikuwa anawalemea wenzake. Aibu ya aina hiyo ingemfanya mtu mwingine atundike daluga siku hiyohiyo.

Tabitha hakutundika. Alienda Uswidi 2014, na 2017 Temwa akamfuata katika klabu ya Kvarnsveden, mji wa Borlänge. Klabu ikashushwa ngazi. Dada mkubwa akahamia Uchina, Temwa akabaki kufumania nyavu kwenye daraja la pili, ligi ambayo hakuna baze ya hapa kwetu inayoionyesha.

Kisha naye akaenda Uchina, Wuhan. Mwaka wa 2023 alifunga mabao 63, na shirika la takwimu za soka la IFFHS likamtaja kuwa mfungaji bora wa kike duniani. Oktoba mwaka huo aliongoza Malawi kutwaa kombe la COSAFA, wakiilaza 2-1 Zambia iliyokuwa imetoka Kombe la Dunia miezi michache tu awali. Hapo ndipo Wamarekani wakapiga hodi.

Sisi ndoto ya boli huwa ni Uingereza ama basi. Borlänge nani ataenda? Wuhan je? Esse Akida wetu amecheza Israeli, Uturuki na Ugiriki, lakini ukimtaja mtaani watu wanauliza ni msanii gani huyo. Kusema kweli, hiyo inauma.

Mechi nyingi za Kansas City huchezwa usiku wa manane saa za kwetu. Weka alamu.