Mgonjwa Alishwaye kwa Mrija

Ngagara, mtaa uliojengwa zama za Wabelgiji na kuitwa OCAF, uko jirani na Kamenge, iliko Hospitali ya Kijeshi. Askari aliyevunjika taya au kuumia kichwa, asiyeweza kumeza, hulishwa hospitalini kwa mrija mwembamba upitao puani hadi tumboni.

Hatari kubwa ni mrija kupotea njia ukaingia mapafuni. Kwa miaka mingi wauguzi walisukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumbo. Sauti hudanganya, mwaka 2005 wakuu wa usalama wa wagonjwa nchini Uingereza waliagiza njia hiyo iachwe. Kinachotakiwa ni kuvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya uchachu: ikionyesha 5.5 au chini, mlo waweza kutolewa. Ikizidi hapo, mgonjwa halishwi mpaka picha ya eksirei ithibitishe. Kipimo hurudiwa kabla ya kila mlo, kwani kikohozi kimoja chaweza kuuhamisha mrija.

Kichwa cha kitanda nacho huinuliwa nyuzi 30 hadi 45.

Lisahauliwalo zaidi, na pengine lenye madhara ya kimyakimya kuliko yote, ni daftari. Daktari ameagiza lita moja na nusu; je, mgonjwa amepata kiasi gani? Mlo uliokatizwa kwa ajili ya upasuaji usipoandikwa, majeruhi hudhoofika huku kila zamu ikidhani iliyotangulia ilimlisha. Mlinzi wa lango hapokei lindo bila kusoma kitabu cha zamu. Muuguzi naye hupokea kitanda vivyo hivyo.