Mashine Inayokubali Kuzimwa

Ukibonyeza swichi, taa huzimika mara moja, kwa kuwa taa haina lengo. Sasa fikiri kwamba mashine yenye akili mnemba imepelekwa katika msitu wa Jozani, Unguja, na kuagizwa iwahesabu kima punju wote. Wanyama hao hupatikana Zanzibar tu. Mashine inawatisha; mlinzi anataka kuizima. Lakini ikizimwa, haitamaliza hesabu. Kwa hiyo yaweza kumzuia, si kwa chuki, bali ili itimize agizo. Tukiipa tuzo kila izimwapo, yaweza kuharibu kazi kusudi. Wataalamu wangali wanatafuta njia ya kuunda mashine inayotambua hivi: "Mlinzi akitaka kunizima, huenda ninakosea." Je, wewe ungeiagiza nini?