Mwendesha Baiskeli na Taarifa za Kuaminika

Wilayani Kyela baiskeli hubeba mpunga, ndizi na abiria, hivyo taarifa potofu huweza kumgharimu mwendeshaji mzigo au maisha. Wananchi wanashauriwa kutafuta kila taarifa kwa mwenye dhamana nayo.

Hali ya barabara kuu ya Kasumulu, pamoja na barabara za mkoa, husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mvua zikizidi, hasa mwezi Aprili, mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huweza kufurika. Ni vyema kusikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari. Kuhusu taa, breki na wajibu barabarani, aulizwe askari wa usalama barabarani, anayesimamia Sheria ya mwaka 1973.

Majarida ya nje nayo yana faida yake. Cycling Weekly la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1891, hufundisha utunzaji wa mnyororo na matairi. Hata hivyo, huandikwa zaidi kwa wenye baiskeli nyepesi za mashindano, si kwa aliyefunga gunia la mpunga nyuma. Kuhusu uzito wa mzigo, fundi baiskeli wa kijijini ni mwalimu bora zaidi.

Mwananchi atakayeona daraja au kalavati limebomoka amjulishe mapema Mtendaji wa Kata, ili wenzake waonywe kabla giza halijaingia.