Kutoka Kilimanjaro hadi Dar es Salaam: Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Asubuhi ya anga safi, mtu asimamaye kwenye miteremko ya Machame huweza kuona katika uwanda wa Hai ndege zikipaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Abiria wa basi kutoka Moshi husafiri zaidi ya kilomita 500 kufika Dar es Salaam, kwani barabara hufuata kando ya milima ya Upare na Usambara, kisha huzungukia Chalinze. Ndege haina haja ya kuzunguka. Je, mwendo wake ni kilomita ngapi?

Uwanja wa Kilimanjaro upo nyuzi 3 na dakika 26 kusini, nyuzi 37 na dakika 4 mashariki. Ule wa Dar es Salaam upo nyuzi 6 na dakika 53 kusini, nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 3.45, na ya longitudo nyuzi 2.13. Karibu na ikweta kila uzi ni kilomita 111 hivi. Kwa hiyo tunapata kilomita 383 kuelekea kusini na 236 kuelekea mashariki. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali ni kilomita 450. (Kwa safari ya kwenda Ulaya njia hii haifai, maana dunia ni tufe, si ubao wa darasani.)

Ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 650 kwa saa ingemaliza safari hiyo kwa dakika 42. Lakini ratiba huonyesha zaidi ya saa moja. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kupanda juu ndiko kunakorefusha njia. Sivyo. Ndege ikipanda kilomita 7 huku ikienda mbele kilomita 100, njia yake huongezeka kwa mita 250 tu. Kinachopotea ni mwendo: wakati wa kupanda na wa kukaribia kutua ndege haifikii kasi yake kamili. Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali pa kupakia abiria hadi inaposimama.

Upepo nao una hila yake. Tuchukue ndege iendayo kilomita 500 kwa saa. Pasipo upepo, kwenda na kurudi huchukua dakika 108. Sasa uvume upepo wa kilomita 100 kwa saa, ukiikabili ndege wakati wa kwenda na kuisukuma wakati wa kurudi. (Upepo wa nguvu hiyo si wa kawaida katika anga letu, namba imechaguliwa kwa wepesi wa hesabu.) Kwenda ni dakika 67 na nusu, kurudi 45, jumla 112 na nusu. Upepo haukurudisha ulichochukua, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo mbaya kuliko katika ule mzuri.

Kwa rubani jambo hili si zoezi la daftari. Injini hunywa mafuta kwa kadiri ya muda zinaounguruma, si kwa kilomita za ramani. Hivyo hana budi kubeba mafuta ya kumfikisha, ya kumpeleka uwanja mwingine iwapo wa kwanza umefunikwa na mawingu, na juu ya hayo akiba ya dakika 30 za kuzunguka angani.