Gita Kuunganishwa si Noma

Kuna bifu moja haiishangi kati ya mayut wa gita: ati gita kali lazima ikuwe kipande moja ya mbao, na ukiona laini ya glu jua umechezwa. Mi nakataa, manze. Gita ya umeme, ile bodi yake ni mbao tupu bila tundu ya sauti, ilizaliwa ikiwa imeunganishwa.

Cheki Les Paul, mpiga gita. Kitu 1941 hivi, huyo msee alishika gogo ya paini ya inchi 4 kwa 4 kwa kiwanda ya Epiphone pale New York, akaifunga shingo, pikapu na nyuzi. Ndio ikae gita, akakata gita ya kawaida katikati na kubandika kila nusu kwa ubavu ya gogo. Zile nusu zilikuwa za macho tu. Kazi yote ilifanywa na gogo.

Leo Fender, huko California, akarusha gita yake sokoni 1950: bodi ya eshi, mara nyingi vipande kadhaa vimeshikwa na glu, shingo ya mepo imefungwa na skurubu nne. Shingo ikizingua, unafungua, unaeka ingine. Kampuni ya Gibson wakajibu 1952 na gita waliyoiita Les Paul, mahogani chini, mepo juu, shingo imeingizwa kwa glu. Mwanzo waliificha hiyo mepo na rangi ya dhahabu. 1958 wakaanza kupaka rangi ya kuonyesha mbao, na hapo ndio watu waliona ufundi: ubao moja unapasuliwa kwa wembamba wake, unafunguliwa kama kitabu, michirizi ya huku na ya huku zinaangaliana. Zile za 1958 hadi 1960 sai zinaenda mamia ya maelfu ya dola. Na katikati kabisa, laini ya glu iko hapo.

Sasa kuja kwa kukata, ju hapa ndio kuna mambo. Gogo ukiipasua bapa, slesi juu ya slesi, unapata mbao pana na hautupi mingi. Lakini pete za mti zinalala kwa ubao, na mbao ikikauka hunywea kufuata pete karibu mara mbili ya venye hunywea kukatiza pete. Ndio maana ubao kama huo hupenda kubinuka. Ukigawa gogo robo robo kwanza, alafu ukate pete zikiwa zimesimama wima, ubao unatulia, ila mbao mob inapotea na bei inapanda.

Kwa bodi, buda, usisumbuke sana: ni nene, karibu sentimita 4.5. Shingo ndio inateseka. Nyuzi za saizi 10 zinavuta na nguvu ya kilo 40 na kitu, usiku na mchana. Kuna shingo kibao za kukatwa bapa ziko fiti, ju ndani kuna chuma ya kuzinyoosha, lakini nikipewa nichague, nachukua pete wima.

Alafu kuna kichwa. Kwa Les Paul kichwa inalala nyuma, kitu digrii 17 kwa zile za zamani, na shingo na kichwa zinachongwa kutoka mbao moja. Mishipa ya mbao inaenda straight, kichwa inapinda, so hapo nyuma ya nati, ile nyuzi hulalia zikitoka kichwa, mishipa inakatika ikiwa fupi fupi. Na bado wamechimba hapo shimo ya kukazia chuma. Gita ikianguka na mgongo, mara nyingi inavunjika hapo hapo. Hiyo ndio kipande moja wasee wanaimba!

Mafundi wengine hukata shingo kwa mshazari, wanageuza kile kipande, wanakibandika na glu, kichwa inapata mlalo na mishipa yake bado mirefu. Hiyo ni nguvu, si ubahili.

Kwa hivyo ukiingia duka, geuza gita. Ukipata ka-laini kamekatiza nyuma ya shingo karibu na kichwa, pitisha kucha. Kama haikwami, hiyo ni ishara nzuri. Alafu funga jicho moja, angalia shingo kutoka kichwa hadi bodi kama imenyooka, ndio uanze kuongea bei.