Bei ya Njia na Bei ya Shida

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Lubumbashi ao Kinshasa, unapotoka nyumbani asubuhi unajua mambo mawili: pahali pa kusimama, na feza utakayotoa. Gari litachelewa, utasukumwa, utakanyagwa mguu, lakini litakuja. Sisi watu wa Nyangwe hatujui hata moja kati ya mambo hayo mawili.

Wengi kwetu wanawaza kwamba mtu wa mjini anasafiri kama mfalme. Hapana! Kule Kinshasa nilipanda yale magari ya Mercedes 207 ambayo wenyeji waliyapa jina la « esprit de mort », ni kusema roho ya kifo. Unakaa juu ya benchi la mbao, goti lako katika mgongo wa mwenzako. Katika 2013 Serikali ilileta mabasi ya Transco, na watu walifurahi. Lakini jioni, abiria wakiwa wengi, madereva wa magari madogo wanakata njia vipande viwili ili ulipe mara mbili. Wanaita jambo hilo « demi-terrain ». Ni wizi wa mchana. Hata hivyo, bei ile inagawanywa kati ya watu ishirini, ndiyo sababu mama muuza mboga anaweza kuilipa.

Kwetu namna gani? Reli iko, tangu wakati wa Wabeljiji, lakini inapita ng'ambo ya Lualaba, kwa Samba na Kibombo, mpaka Kindu. Ukiitaka, uvuke kwanza. Vita ya 1998 ilikata treni hiyo kwa miaka mingi, na hata leo ile inayotoka Lubumbashi inaweza kumaliza juma zima njiani ao kupita. Makamio yanafika wakati wa jua. Mvua ikinyesha, yanalala katika matope. Livingstone alipofika hapa katika 1871 aliona wanawake wakija sokoni kwa miguu na kwa mitumbwi, mzigo kichwani. Simama kando ya mto siku ya soko, utawaona wajukuu wao wakija vilevile.

Basi inabaki baiskeli, na pikipiki. Uelewe kwamba kijana wa pikipiki hauzi kiti, anauza safari nzima. Esansi ameinunua kwa chupa, na akikufikisha Kasongo labda atarudi mtupu. Simlaumu kwa hiyo. Lakini hakuna bei inayojulikana. Anakuangalia usoni kwanza. Ukienda kuuza mchele ni bei moja; ukiwa na mgonjwa ni ingine. Mjini unalipa njia, kwetu unalipa shida yako.

Katika mvua za 2022, mama mmoja wa kanisa letu alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa kinyume tumboni. Muuguzi akasema: « Mpelekeni Kasongo, hapa sina kisu. » Kijiji kilikuwa na pikipiki mbili, lakini wenyewe walikuwa wamekwenda upande wa Kabambare, kule Namoya, sababu wachimba dhahabu wanalipa vizuri. Yule wa kijiji cha pili akaomba mbuzi wawili. Bwana yake akanishika mkono: « Pasta, mimi niko na mbuzi mmoja tu. » Tulifunga tipoyi, wanaume wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika. Alfajiri tulikuta pikipiki iliyokubali mbuzi mmoja. Mama alipona. Mtoto tulimzika Kasongo.

Nilikasirika sana. Nikawaita vijana wa pikipiki nikawakaripia, na mmoja akanijibu: « Pasta, wewe unahubiri bure, lakini esansi haitoki bure. » Nilikwenda kulala na neno hilo. Alisema kweli.

Kwa hiyo tulifanya kama likelemba. Wakati wa mavuno kila nyumba inatoa vikombe vya mchele, wamama wanauza, na feza inakaa kwa mama mmoja, si kwa pasta (watu walisisitiza hivyo, na walikuwa na haki). Vijana walikubali bei moja kwa mgonjwa, mchana ao usiku, na wanalipwa palepale. Siku ya salongo wanaume wanatengeneza daraja la miti, maana pikipiki haivuki kwa masikilizano peke yake.

Na wewe kijana uliye katika mashimo ya Namoya ao Salamabila, ukipata gramu zako ukanunua pikipiki, utabaki kule kwenye wateja. Ninaelewa. Lakini uliza nani atambeba mama yako siku ile.

Sanduku letu limekwisha kulipa safari tatu. Ya nne lilikuwa tupu, na kijana akaenda kwa deni. Ni yuleyule aliyenijibu kuhusu esansi. Deni lake tunalilipa polepole, kwa mchele.